Mtumbwi Wenye Nyuzi

Taata, baba yangu, aliutoboa mtumbwi wa kukamulia ndizi bila kumwambia mama. Mtumbwi huo ndio uliokuwa ukitupatia lubisi, pombe ya ndizi, ya kuuza hapa Kishanda. Mama alipoukuta umefungwa nyaya za breki za baiskeli, akauliza kama sasa tutakunywa nyimbo. Majirani nao wakauita jeneza.

Lakini ni nanga, ala ya nyuzi ya huku kwetu. Tena nanga ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: ndefu, ina nyuzi pande mbili, inapigwa na watu wawili wakiwa wameangaliana. Mwenzake taata ni mimi. Mimi huyu ambaye darasani nikiulizwa swali najibu nikiangalia dawati. Kwenye nanga siinami. Nikiinama tu, zamu yangu inanipita.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja mwenye hoteli kule Bukoba mjini. Tukampigia. Akasema kazi nzuri sana, anaichukua, ataiweka mapokezi. Niliona taata anashindwa kuficha furaha. Kisha yule bwana akasema tuzitoe nyuzi, zisije zikawakwaruza wageni. Ndani atajaza udongo, apande maua. Akatoa hela pale pale.

Mama alikuwa anaangalia zile hela. Taata alikuwa anaangalia viatu vyangu vya shule, kimoja nimekishona kwa waya uliobaki kwenye nanga hiyohiyo. Nilijua anakaribia kukubali, na angekubali kwa ajili yangu.

"Hatuuzi," nikasema. Na sikuangalia chini.

Yule bwana akacheka. "Mzee, siku hizi kwako wanaamua watoto?"

"Huyo simwiti mtoto," taata akasema. "Huyo ni upande wa pili."

Yule bwana akarudisha hela mfukoni, akapanda bodaboda yake. Jioni, tukiwa tunamenya ndizi, mama akasema: "Mwana wange, mdomo umeupata siku ya hela." Sikumwomba msamaha. Ningeulizwa tena ningejibu vilevile.

Leo mwalimu wa zamu amenirudisha getini kwa sababu ya viatu. Sawa. Nimefika nyumbani, nimevivua, nimekaa upande wangu. Tumepiga kwa nguvu mpaka watu wakasimama barabarani, mpaka mama akatoka jikoni na kisu mkononi kutuambia tunakimbiza mno, hakuna mtu anayeweza kucheza hivyo.

Tukaanza upya, polepole.