Krismasi Ile Viatu za Karis Hazikukanyaga Chini

Enzi zetu, na usinicheke eti mimi bado ni mdogo wa kusema enzi zetu. Kama ulikulia Bahati, hapa juu ya Nakuru, wakati simu ilikuwa moja kwa jirani na lazima umsalimie vizuri ndio akuitie mtu wako, basi mimi na wewe tuko na enzi. Hawa wengine wakae hapo pembeni wasikize.

Juzi kwa ile grupu ya wamama wa ploti yetu, mama mmoja aliuliza watoto watanunuliwa nini Krismasi hii na mfuko imekauka. Mwingine akamjibu eti kama huwezi kununua kitu ya maana, heri uache. Hapo nilishikwa na hasira nikarekodi sauti ndefu, nikaisikiza, nikaifuta. Nikasema wacha nipike chai kwanza. Sasa chai imekunywewa, roho imetulia, na nimekuja kuwaambia juu ya viatu za ndugu yangu.

Lakini December ya huko nyumbani ilikuwa na harufu, tukumbushane. Mahindi imevunwa, imeanikwa kwa turubai mbele ya nyumba, na kazi yako kama mtoto ni kufukuza kuku na kuona haufuati hiyo kuku mpaka barabarani. Vumbi ilikuwa inaingia hadi kwa chai. Tulicheza kati mpaka mpira ya makaratasi inafunguka yenyewe, tukaruka blada, tukacheza brikicho mpaka mtu anajificha kwa shimo ya mboji na hatoki kwa sababu amelala. Ukirudi nyumbani na miguu nyeupe pe, mathe anakuangalia tu. "Umekuja na shamba yote ama umeacha kidogo?"

Chapati haikuwa chakula, ilikuwa habari. Ukiisikia kwa jirani katikati ya mwezi unajua huko kuna mgeni. Soda ilikuwa chupa moja watu wawili, na mlikuwa mnaweka chupa kwa meza, mnainama, mnaangalia kama mstari ya nusu imefika, na kuna mtu lazima aseme ile povu pia ihesabiwe. Leo mtoto wa dada ya mtu anaachia soda nusu kwa chupa eti imepoteza gesi. Sisi gesi tulikuwa tunaiona kama zawadi ya juu.

Zawadi yenyewe sasa ilikuwa viatu. Nyeusi, ya kamba, ya shule. Kwetu Krismasi na January zilinunuliwa siku moja zikabebwa kwa karatasi moja. Mathe alikuwa anasema, "Zawadi ikikufa kabla shule ifunguliwe, hiyo ilikuwa peremende." Fathe alikuwa Olenguruone akipasua mbao, anarudi mwisho wa mwezi na gunia ya viazi na kitu kidogo mfukoni, na mathe alikuwa anauza sukuma na vitunguu hapo senta. Viatu mpya kwa mwaka ilikuwa ya mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa Kimani, kwa sababu ni kifungua mimba. Ikimkataa mguu inakuja kwangu. Mimi ni msichana lakini nani aliniuliza. Ikinikataa inawekwa juu ya kabati kungoja mguu ya Karis, mdogo wetu, ikue.

Shida ni mathe hakuwa anangoja ikue vizuri. Karis alikuwa anavalishwa ikiwa bado kubwa, huko mbele imejazwa gazeti. Mtoto mdogo, miguu kama vijiti vya kiberiti, kiatu kama mashua. Akitembea ilikuwa inasema kwap, kwap, kwap, na sisi tulikuwa tunajua Karis amefika kwa geti kabla mbwa ajue. Watoto wa nasari walikuwa wanamuita Gazeti. Waliokuwa wanamuita hivyo nikiwa karibu hawakurudia, hiyo mnaweza kuuliza.

Sasa mwaka ambao Karis alikuwa anangoja kuingia darasa la kwanza, mathe alitangaza tukikula githeri. Viatu ya mwaka huu ni ya Karis. Kimani alifungua mdomo, mathe akamwangalia, Kimani akaijaza githeri. Karis akaacha kutafuna. Aliweka tu sahani chini, akaanza kuangalia miguu yake kama amepewa leo.

Na hapa lazima nieleze vijana wa siku hizi, kwa sababu hawatajua. Mathe hakuwa anapeleka mtoto tauni kununuliwa viatu. Nauli ni ya nini, na mtoto akifika Nakuru anaona mandazi, anaona puto, anaona gari ya plastiki kwa dirisha. "Macho ya mtoto inakula kuliko mdomo yake," ndio alikuwa anasema. Kwa hivyo alikuwa anakata kijiti kwa ile ua yetu ya kayaba, anakusimamisha juu yake, kisigino kwa mwisho mmoja, halafu mbele ya kidole anaongeza upana wa kidole gumba chake. Hapo kwa gumba ndio anakata. Hiyo gumba ilikuwa ya kukulia. Kijiti kinawekwa juu ya dirisha mpaka siku ya tauni, huko kinaingizwa ndani ya kiatu, kikilala vizuri kiatu imenunuliwa.

Duka lenyewe lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, watu wote walimuita Babu. Alizaliwa hapo hapo Nakuru, na kwa kupunguza bei alikuwa anakugeuzia Kikuyu mpaka unasahau uliingia na hasira. Kila mwaka mathe akitoa kijiti kwa kibeti Babu alikuwa anamwambia, "Mama, mimi nauza viatu. Siku moja lete mtoto, wacha kuni nyumbani."

Mathe alirudi jioni ya kuamkia Krismasi. Boksi iliwekwa kwa meza, sisi wote tukaizunguka, na ile harufu ya ngozi mpya ikatoka, ile harufu ambayo mpaka leo nikipita duka ya viatu nasimama kama mjinga. Karis alikuwa ameosha miguu mara mbili. Akaingiza. Kisigino kikakataa. Mathe akaleta kijiko, akasukuma, mguu ukaingia na Karis akasimama hapo vidole vimejikunja ndani, macho yamejaa maji, na anasema, "Inatosha. Mathe, inatosha kabisa."

Haikuwa inatosha. Mathe aliivua polepole, akaketi. "Babu ameniuzia ingine," akasema. Duka ilikuwa inafungwa mpaka baada ya sikukuu. Na sheria ya duka kila mtu aliijua, kiatu ikikanyaga chini imekuwa yako, hata kama imekuua. Pesa ya ingine haikuwa. Kwa hivyo mathe akairudisha kwa boksi, akasema kesho Karis ataenda kanisa na patapata, zile slipa za mpira.

Lakini kesho Karis alikuwa anaenda kusema aya mbele ya watu wote, yeye na watoto wa Sunday school. Na alikuwa amewaambia. Watoto wote wa njia yetu alikuwa amewaambia anakuja na viatu yake, ya duka, ambayo hakuna mtu amevaa. Sasa angetokea na patapata? Wangemkula mpaka Pasaka. Akaenda nyuma ya jikoni akakaa kwa jiwe, hakulia, na hiyo ya kutolia ndio ilinikata. Nikaenda kwa mathe nikamwambia, "Avae. Hazitakanyaga chini. Nitambeba."

"Ciru, mpaka kanisa?"

"Mpaka kanisa na kurudi."

Na tukambeba. Mimi kwanza, Kimani akanipokea kwa ile mlima, mimi tena. Karis ako mgongoni, miguu imenyooka mbele, viatu zinametameta pande zote mbili za tumbo yangu. Vumbi ilikuwa mingi mathe akawa anatembea kando na kitambaa akizipanguza. Hapo senta vijana walikuwa wameketi kwa ngazi ya duka, mmoja akasema, "Oya, kwani huyo ni askofu?" Nikamjibu bila kusimama, "Ndio, na ameona umevaa soksi ya mama yako." Kimani, ambaye hapo ilikuwa zamu yake kumbeba, akacheka mpaka karibu amuangushe.

Kanisani tulimkalisha kwa benchi miguu ikining'inia. Aya yake ikaitwa. Mimi nikainuka kumbeba mpaka mbele, lakini mathe alikuwa ametangulia. Alitoa leso mabegani, ile yake nzuri ya harusi za watu, akaitandika kwa simiti mbele ya kanisa yote. Akarudi kukaa bila kuangalia mtu. Nikamsimamisha Karis hapo juu. Wamama walidhani ni sehemu ya mchezo wa Krismasi, wakapiga vigelegele. Karis akasema aya yake haraka sana, na sura kama mtu amebeba ndimu mdomoni, na hakukosea hata neno.

Duka ilipofunguliwa mathe alivunja sheria yake. Alimpeleka Karis tauni, na mimi nikachukuliwa pia, kwa sababu alisema kama Babu ataleta ubishi anataka mtu ako na mdomo. Nilijiandaa njia yote. Mathe akaweka boksi kwa meza ya duka.

"Babu, mimi nilikuletea kijiti. Wewe ukanipea kiatu ya nani?"

Babu akageuza viatu akaangalia chini. Akapitisha kidole pale ngozi imejikunja. "Hii imevaliwa."

"Imevaliwa, lakini haijakanyaga," nikasema.

"Imevaliwa aje na haijakanyaga? Mtoto alipaa?"

"Alibebwa," mathe akasema. Babu akamwangalia, akaniangalia mimi, akaona kwa sura yangu hii ni ukweli na ni heri asiulize tena. Akaomba kijiti. Mathe akakitoa kwa kibeti, Babu akakiingiza ndani ya kiatu, kikalala sawasawa. Halafu akapiga magoti, mzee wa umri ule, akakiweka kando ya mguu ya Karis. Kilikuwa kifupi kuliko mguu yenyewe. Akakiinua kwa mwangaza ya mlango akaangalia mwisho wake.

"Mama, kwenu kuna panya?"

Tukaangalia. Ilikuwa alama ya meno. Meno madogo, yamepangana, na katikati pengo, na katika familia yetu mwenye pengo mwaka huo alikuwa mmoja.

Mathe alivuta pumzi na mimi nikasogea mbele ya Karis, kwa sababu nilijua hiyo pumzi. Lakini aliuliza tu, polepole, "Karis, kwa nini?"

Karis akaongea na sakafu. "Nilikuwa natoa ile ya gazeti."

Mwanzo hatukuelewa. Halafu tukaelewa. Alitaka kutoa ile gumba ya mbele. Alipanda kiti akakishusha kijiti kutoka dirishani, akatafuna mpaka aone imetosha, na meno hayajui kipimo, akapitiliza. Hakutaka kiatu ya kukulia. Alitaka mara moja tu kidole chake kiguse mwisho wa kiatu.

Babu akainuka. Alienda huko nyuma, akarudi na jozi mbili, akaziweka kwa meza. "Hii ni ya leo," akasema. "Hii ni ya mwaka ujao. Bei ni moja."

Kila mtu kwa hiyo duka alijua ile ya akili ni gani. Mathe aliingiza mkono kwa ile kubwa, akabonyeza mbele na kidole gumba, vile amebonyeza viatu zetu maisha yote. Akakaa hivyo. Alikuwa mwanamke wa kuhesabu chumvi. Halafu akatoa mkono, akasukuma ile kubwa kwa Babu.

"Mpe ya leo."

Tulitoka hapo tukashuka mpaka stage, mathe mbele, mimi, Karis nyuma. Na mathe akawa anageuka. Hatua kidogo, anageuka. Nikamuuliza anatafuta nini. "Simsikii," akasema. Hakukuwa na kwap, kwap. Miaka yote tulimjua kwa hiyo sauti, na siku hiyo alikuwa anatembea nyuma yetu kimya kama paka, macho kwa miguu, mpaka akagonga mlingoti wa taa.

Kabla muhula ya pili iishe zilianza kumbana. Mathe hakulalamika. Zilipakwa rangi, zikapelekwa kwa mtoto wa jirani, na Karis ndiye alizipeleka mwenyewe, amesimama wima kama mtu anatoa ng'ombe. Hakuwa amewahi kurithiwa kitu na mtu.

Siku hizi ni rahisi, sikatai. Unapiga picha, unatuma saizi, boda inaleta mpaka mlangoni, mtoto anavaa za taa kwa kisigino, anasema asante macho ikiwa kwa simu, na wiki ijayo hakumbuki ziko wapi. Mathe amezeeka, Babu duka yake ilikuwa inauza simu za mkononi mara ya mwisho nikipita. Pesa bado hakuna, hiyo peke yake ndio haijabadilika. Kwa hivyo yule mama wa grupu, nisikize. Kitu ya maana sio lazima iwe kubwa. Wakati mwingine ni ile inatosha mtoto leo, hata kama wewe unajua kesho itakataa.

Karis sasa anaendesha lori, ako na mguu ya kutisha, na ako na binti mdogo anakaa na mathe huko Bahati. Mwezi uliopita aliniomba nikienda nyumbani nimletee saizi ya mguu ya mtoto. Yule mtoto akaniambia, "Auntie, si upige tu picha na rula." Nilikata kijiti kwa kayaba. Nikampelekea Karis kwa lori yake pale Nakuru, akakipokea kwa dirisha, na kabla hata anisalimie, alipitisha kidole kwa mwisho wake, polepole, akitafuta meno.