Siku Niliyomzeesha Nkambo Banza

Ndugu zangu, hili nawaeleza nimeinamisha kichwa, maana aibu yake sijaimaliza mpaka leo, na wa kulaumiwa hayupo mwingine ila mimi na mkono wangu wa ukarani.

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa karani wa kuandika vitabu vya utambulisho hapa Kamina, kaptura imepigwa pasi, kalamu mfukoni (nilijiona nusu mzungu), na siku moja, timu yetu ya reli inacheza mpira saa tisa na foleni haiishi, akaja Nkambo Banza, yaani Bibi Banza, mjane wa mtaani kwetu, mgongo umepinda, kinywani jino moja tu. Nikamwuliza umri.

"Minyi sijue, mwanangu," akasema. "Nilizaliwa mwaka nzige zilikula mihogo."

Nzige walikuja mara ngapi? Ilinipasa nikae naye, nimwulize taratibu nani alikuwa chifu, nani alizaliwa kabla yake, lakini nilitazama saa, nikatazama lile jino, nikaandika miaka mia moja na kumi na miwili, nikakimbilia mpira. (Tulifungwa, kama mnataka kujua.)

Basi bwana mkubwa wa ofisi alipopitia vitabu nusura aruke kitini: pengine duniani kote hakuna mzee kama huyu! Akapanga kumwonyesha mgeni wake mkubwa aliyekuwa anakuja kwa treni ya Bukama, na mkalimani niwe mimi. Ningesema palepale kwamba nilikisia tu, ningepona. Nikasema ndiyo, bwana, na habari ikaenea mtaani mzima.

Siku yenyewe stesheni imefurika, Nkambo amekalishwa kwenye kiti cha ofisi, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi, mgeni anauliza siri ya kuishi sana ni nini, na Nkambo, macho chini, anajibu kwa sauti ndogo:

"Umwambie anisaidie. Tangu weye uliandika ile hesabu, bantu banasema nilikula myaka ya bana bangu. Hakuna muntu anakuja tena kuomba moto kwangu."

(Alikuwa amezika watoto wanne.) Nikatafsiri: "Anasema ni samaki na maombi."

Mgeni akapiga makofi. Watu wetu hawakupiga. Waliosimama karibu walikuwa wamesikia kila neno.

Mara, kutoka behewa la nyuma kabisa, akashuka bibi mwingine na kapu la samaki wakavu, anatembea wima, akaona kile kiti, akapaza sauti: "Banza! Mudogo yangu! Banakufanya nini?"

Mdogo wake! "Anasema nini?" bwana mkubwa akaniuliza. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Padri aliyesimama karibu ndiye aliyetafsiri, neno kwa neno, pamoja na yale ya kwanza niliyoyaficha, kisha akahesabu na yule dada mtu, mtoto kwa mtoto, mazishi kwa mazishi, hadi wakafika kwenye sabini na kitu.

Bwana mkubwa akawa mwekundu. Akaninyang'anya kalamu, akanifukuza kazi mbele ya wote, na watu wakacheka, hata mgeni. Nkambo peke yake hakucheka. Akanishika mkono.

"Twende. Utasema weye mwenyewe, mulango kwa mulango."

Tukaenda kwenye jua kali, mimi mbele na kaptura yangu ya pasi, wale dada wawili nyuma, na kila mlango nasema: "Nkambo hakula miaka ya mtu. Mimi njo niliandika bila kuuliza." Wengine walifunga kabla sijamaliza. Kwenye nyumba ya saba mama mmoja aligeuka akaingia ndani, nikajua huyu naye amekataa. Akatoka na viti viwili.

Mimi sikuletewa cha tatu, na ilinistahili. Baadaye nilipata kazi nyingine ya kuandika vibarua, kwenye ghala, lakini mtu asiyejua umri wake nakaa naye chini hadi tuelewane, na nisipopata nafasi ya kukaa mahali pa umri naacha pabaki peupe.