Kicheko cha Mtani

Mvulana mmoja alikuja shuleni kwetu Msambweni katikati ya mwaka, ametokea Kinango, na siku ya kwanza akaketi nami kwa sababu benchi langu ndilo lililokuwa na nafasi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nasi tulikuwa darasa la nne. Mwisho wa mwaka ulikuwapo mtihani, na aliyeshindwa mtihani ule masomo yake yalikuwa yamekwisha.

Babake alikuwa mfugaji. Alikuwa amechoka kupewa karatasi mnadani asizojua zinasema nini, akaamua kwamba katika watoto wake wote mmoja asome mpaka aweze kumsomea. Akamleta kwa mjombake, aliyekuwa na minazi karibu na shule yetu. Haya niliyapata kwa kumuuliza. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza: kwao wanachota maji wapi, ng'ombe hujuaje kwamba kisima kimekauka, fisi hulia vipi. Alinijibu yote polepole. Na tulipopewa hesabu aliusogeza mkono wake ili nione.

Siku ya tatu wavulana watano wa benchi la nyuma walimuuliza ukoo wa babake. Akautaja. Wakapiga makofi.

"Alaa! Kumbe wewe ni mtani wetu!"

Kwa asiyejua, koo fulani za huku kwetu ni watani tangu zamani. Mtani akikukuta unakula atakunyang'anya sahani. Atakutukana wewe na wazazi wako mbele za watu, na hata msibani atamwigiza maiti wako huku nyinyi mnalia. Huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako na ya watu wako. Lakini nilivyowaona watu wazima wakitaniana, kila mmoja alikuwa na zamu yake. Yule wa Kinango alikuwa mmoja, wao watano, na kwao kulikuwa mbali. Zamu yake haikufika.

"Mtani, leo umeoga ama umejipangusa vumbi?"

"Muache bwana, kwao maji hunywa ng'ombe kwanza, yeye hulamba ndoo!"

Muhogo wake wa mchana waliula wao kila siku. Kalamu yake ilitumbukizwa chooni. Akinyamaza, walimzunguka wakimpigia kelele: "Usinune, mtani! Cheka! Ama tupeleke habari kwenu kwamba umenuna?" Akacheka. Alijifunza kucheka kama sisi tulivyojifunza kuzidisha, kwa kurudia rudia, na baada ya mwezi alikuwa akianza kucheka kabla hawajamfikia. Mimi pia nilicheka. Yale ya ndoo yalinichekesha kweli.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alituambia kwamba katika shule aliyotoka watoto waliumizana mpaka mmoja akapoteza jicho, naye hakutaka kuliona jambo hilo tena. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alitupanga mistari miwili tukapeana mikono na kutakana radhi mmoja mmoja, kama siku ya Idi. Yeye alipita katikati akitazama nyuso zetu. Wale watano walimfinya yule mgeni vidole huku wakisema kwa adabu, "Niwie radhi, ndugu yangu," naye akicheka. Mwalimu alikipenda kicheko kile. Ijumaa moja alimshika bega akatuonyesha.

"Mtazameni mgeni wetu. Hana kinyongo na mtu. Nataka shule nzima iwe hivi."

Mwezi mmoja kabla ya mtihani tulitumwa ufukweni na vikapu kuchukua mchanga wa kutandaza darasani. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulichimba mbali chini, karibu na yalipoishia, na shimo lilipokuwa refu wale watano wakamketisha ndani yake yule wa Kinango.

"Mtani amefariki! Sisi ndio wa kumzika!"

Wakamfukia mpaka shingoni, wakakanyagia. Mmoja alilia kilio cha uongo huku ameshika kichwa. Mwingine alisimulia mabaya ya marehemu: mchafu, mlafi, mwoga wa bahari. Kisha wakajitwika vikapu wakaenda, na darasa zima likawafuata, kwa maana maji yalikuwa yameanza kujaa.

Nilibaki nikachimba kwa mikono. Mchanga wenye maji ni mzito, na kila niliouchota uliporomoka tena. Wimbi la kwanza lilimfika kidevuni. La pili lilimwingia kinywani, kwa sababu kinywa kilikuwa wazi. Alikuwa bado anacheka.

"Wameshakwenda," nilimwambia. "Acha kucheka."

Hakuweza kuacha. Nilipomtoa alitapika maji ya chumvi. Kisha akasema, "Usiseme. Ikijulikana nimelia, baba hatakuwa na uso mbele ya watani. Mwezi mmoja tu umebaki. Niache nifike kwenye mtihani."

Nikasema, kwa mwalimu mkuu. Nilidhani mtu aliyeogopa hivyo jicho la mtoto kupotea angeogopa zaidi pumzi yake. Mwalimu alinisikiliza vizuri, akashtuka hasa. Akamwita mwenzangu, akawaita na wale watano, akamuuliza mbele yao.

"Mwanangu, hawa wanakuonea?"

Akacheka. "Hapana, mwalimu. Ni watani wangu."

"Na ule mchanga?"

"Walinizika, mwalimu. Si ndiyo kazi ya watani?"

Wakacheka wote, na mwalimu pia, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akanigeukia mimi. Alisema hakuna kinachovunja shule kama fitina, akanichapa viboko vinne, bila hasira. Mwaka uliofuata niliacha shule, na tangu hapo nimezunguka sana, mashamba ya mkonge, ya miwa, na nchi nilizofika bila kujua lugha zake. Popote nilipomkuta mwalimu, au sheikh, au hata askari jela, nilimuuliza: wewe ungemuulizaje mtoto yule? Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu nikilipeleka moyoni mbele ya wale watano, namwona mtoto yule anacheka tu.

Baada ya siku ile wale watano walimfanyia walichotaka mchana kweupe, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameshajua ni utani. Zikiwa zimebaki wiki mbili tufanye mtihani, mwenzangu hakuja. Wala siku ya pili. Jioni nikaenda kwa mjombake, nikamkuta uani anafua nazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemfuata mwenzio? Amekwenda zake kwao tangu jana alfajiri, kwa miguu. Shule imemshinda."

"Haikumshinda, mzee. Hesabu mimi nilikuwa natazamia kwake. Ni wale vijana. Wanamtesa."

"Wale watani wake?" Aliiweka nazi chini akanitazama kwa upole. "Mwanangu, kila jioni walipita naye hapa, nami nimekaa papa hapa. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote."

Kicheko alikuwa amekisikia kwa masikio yake, na mimi nilikuwa na maneno tu, maneno yaliyokwisha kuchapwa mara moja.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Akaingia ndani, akatoka na daftari mbili. "Hizi hakuzichukua. Kule ataandika nini? Chukua wewe, bado zina kurasa."

Nilizipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Nilikuwa na haja nazo. Mtihani ulikuwa umekaribia na zangu zilikuwa zimejaa.