Wa Tano kati ya Wangapi?

Tasnifu yangu ya uzamili imerudishwa na masahihisho mengi kuliko nilivyotarajia, na tangu hapo kila sentensi naisoma mara tatu kabla ya kuiamini. Leo, badala ya kusahihisha, nimetoa ripoti zangu za kidato cha tano. Nimecheka peke yangu.

Shule yetu ya serikali iko kilimani, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati ilikuwa ndiyo kwanza imeanzishwa. Orodha ya waliopangwa ilijaza ukurasa mzima ubaoni. Tulioripoti tulikuwa watano, wawili kati yetu wakitokea Kibondo. Darasani sauti zetu zilirudi kwetu kama za watu wengine. Ukikosa kipindi, mwalimu hakuhitaji daftari la mahudhurio.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalitumwa kwa wazazi kwa ujumbe mfupi wa simu: jina, wastani, nafasi. Yangu ilikuwa ya tano. Baba, aliyezoea nafasi zangu za themanini na kitu kule kidato cha pili, alisimama kanisani kwetu Muyama na kutangaza. Likizo nzima niliitwa Namba Tano. Sikusema uongo. Sikusema chochote, na nilitumia wiki nne kupima tofauti kati ya hayo mawili.

Kisha kikaja kikao cha wazazi. Baba alivaa koti lake la harusi na kuketi mbele. Nyuma yake alikaa jirani yetu, mwenye binti kidato cha kwanza. Nilijua mwalimu wa taaluma angesoma matokeo kwa sauti, na kwamba ripoti kamili ilikuwa na maneno ambayo ujumbe wa simu haukuwa nayo.

Akayasoma. "Wa tano, kati ya watano."

"Kumbe Namba Tano ndiyo mkiani!" jirani akapasua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata.

Baba akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Mwalimu, samahani. Wale wengine waliopangwa hapa wasije, mmewapa namba ngapi?"

"Hao hawana namba, mzee. Hawakuripoti."

"Basi mwanangu amewapita wote hao." Akaketi. Safari hii ukumbi ulicheka pamoja naye, mwalimu wa taaluma akiwamo.

Nilimsindikiza hadi getini bila kuthubutu kumtazama usoni.

"Baba, nisamehe. Nilijua tangu mwanzo."

"Mama," akasema, maana ndivyo aniitavyo, "siku nyingine ukiwa wa mwisho, niambie mapema. Nitatangaza kwa sauti ya chini."

Muhula uliofuata nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Matokeo yalipobandikwa, niliazima simu ya matroni nikampigia kabla ujumbe wa shule haujamfikia.

"Shikamoo, baba. Nimekuwa wa nne."

"Nani ameondoka?"

"Hakuna aliyeondoka, baba. Tupo wote watano."

"Una hakika? Umewahesabu?"

"Nimewahesabu mara mbili."

Nikamsikia akimgeukia mama kwa sauti iliyojaa furaha: "Nipe lile koti. Natoka kidogo, nafika kwa jirani."