Simu za Darasa la Shangazi

Shangazi yangu hafundishi kwa kuhubiri. Somo lake chuoni linaitwa Lugha, Kabila na Haki za Binadamu, na wengi wetu tulijiandikisha tukidhani ni la kupiga soga na kuvuna alama za bure. Tulikoma. Akikunja uso, ukumbi mzima unashika adabu, kisha anakupa simu.

Kazi yenyewe ni hii. Tunaokota namba kwenye vibao vya vyumba vya kupanga, halafu wanafunzi wawili wanapiga namba moja, mmoja baada ya mwingine, maneno yaleyale, lafudhi tofauti. Spika inafunguliwa, darasa zima linasikiliza. Tunaandika alichojibu mwenye nyumba, basi.

Siku hiyo alianza kijana mmoja mpole, ambaye lafudhi yake hutangaza kabila lake kabla hajamaliza salamu. Kwake halikuwa zoezi tu. Alikuwa analala sakafuni kwa rafiki yake, na mitihani ilikuwa mlangoni.

"Shikamoo mzee. Naulizia kile chumba."

"Kimeshachukuliwa," sauti ikajibu, na simu ikakatwa.

Akapiga binti mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio.

"Karibu mwanangu, kipo. Njoo hata leo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sauti ile ilikuwa ya baba. Asubuhi hiyohiyo ilikuwa imeniuliza kama nimekunywa chai. Nikamtazama Shangazi. Angeweza kunyamaza, zaidi yetu wawili hakuna aliyejua, na baba ndiye ndugu pekee aliyebaki naye.

"Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja," akasema. "Mwandikeni kama wengine."

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu pale.

Jioni alikuja nyumbani, akakataa kukaa. Alimweleza baba kila kitu mbele yangu na mama.

"Dada, unanianika mbele ya watoto wa watu?" baba akasema. "Sina ubaya na mtu. Ila wale nawajua, hawakaliki."

"Huyu umemjua lini? Hata sentensi ya tatu hukumpa nafasi."

"Nyumba ni yangu."

"Ni yako. Na mimi ni dada yako, lakini sikanyagi tena humu mpaka umpigie."

Akatoka. Shangazi hana tabia ya kutishia; akisema, amesema. Baba alizunguka sebuleni, akawasha televisheni, akaizima. Alimtazama mama apate wa kumtetea, mama akaendelea kukunja nguo. Siku zikapita bila Shangazi kupita kutusalimia, na baba akawa mtu wa kununa na kusukuma sahani. Mwishowe akaniomba namba ya yule kijana.

"Mwanangu, mimi ndiye mwenye kile chumba," akamwambia kijana simuni, akiwa amesimama. "Nilikudanganya. Kipo, tena kitupu. Njoo uhamie."

Spika ilikuwa wazi, nikamsikia kijana akijibu.

"Asante, mzee. Nitakuja kukiona kwanza. Nikiona panakalika, nitakuambia."

Baba amezoea wapangaji wa kumbembeleza. Nilidhani atafoka.

"Haya, mwanangu. Nakusubiri."

Akaweka simu mezani, akachukua ufagio, akaenda kukifagia kile chumba mwenyewe.