Siku Bibi Alipotimiza Themanini, Mimi Nikaugua

Juzi umeingia ujumbe kwenye simu yangu: mjomba anatimiza miaka sabini, sare ni kitenge cha zambarau, mwisho wa michango ni Ijumaa. Nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Ngoja nikusimulie na wewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Kiboriloni, vyumba viwili nyuma ya soko, mahali ambapo asubuhi unaamshwa na akina mama wanaoshusha mikungu ya ndizi huku wakigombania nafasi. Baba alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Mwaka ule aliteleza wakati wa kushuka, goti likavimba kama boga, na msimu mzima hakupanda tena. Mama ndiye aliyetulisha kwa kuuza maandazi. Tulikula makande mchana na jioni, na siku za neema mama aliyamiminia maziwa.

Ndipo bibi, mama yake baba, akatimiza miaka themanini. Kule Uru, kijijini kwao baba, waliandaa sherehe ambayo ukoo wetu haujawahi kuiona: misa, ng'ombe, pombe ya mbege, na keki ya kuagiza mjini. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyesimamia kila kitu. Kila nyumba ilete mchango, na wajukuu wote wavae kitenge kimoja cha njano. Mimi nilishajifunza wimbo wa wajukuu. Niliuimba nikideki, nikichota maji, hata chooni.

Wiki ya sherehe ilifika na kitenge hakijanunuliwa. Niliwasikia wakizungumza jikoni. Mama alitaka twende hivyo hivyo.

"Niende kwa mama yangu mikono mitupu," baba akasema, "na mwanangu awe peke yake bila sare? Siwezi."

Akamtuma jirani aliyekuwa anapanda Uru aseme hatutafika, mtoto anaumwa. Mtoto mwenyewe ni mimi.

Basi Jumamosi ile nikaugua kwa amri. Nilikatazwa kutoka nje, asije ndugu akapita akaniona. Nililia kidogo, halafu nikachoka kulia. Mama akaniletea maandazi mawili ya moto, akakaa kitandani, akaniambia nimwimbie ule wimbo wote. Nikaimba nikiwa nimejifunika blanketi. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ametupa kisogo. Wimbo ulipoisha hakugeuka.

Kesho yake ugonjwa ukaniruhusu. Nilikuwa uani naruka kamba na watoto wa jirani, nimeshapita hamsini, mara nikamwona bibi amesimama langoni. Alikuwa ameomba lifti kwenye pikapu iliyokuwa inashuka kutoka Uru. Mkono mmoja ulishika sufuria iliyofungwa kwa kanga, mwingine chupa ya dawa ya miti shamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuja kumwona mgonjwa. Yuko wapi?"

Nilitazama kamba, nikatazama chini. "Ni mimi," nikasema.

Baba akatoka akichechemea. "Mama, nilidanganya. Sikuwa na kitu cha kukuletea."

Bibi aliliangalia lile goti, akainama akaligusa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni baya kiasi kile.

"Jana nimekaa mbele ya watu wote wale, macho yangu yako njiani," akasema. "Wewe unawaza kitenge. Kile kitenge kachagua dada yako, mimi hata sikukipenda."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Baba akafuata, huku akijifuta macho na mkono wa shati.

Ndani ya sufuria kulikuwa na machalari, ndizi zimeivia kwenye nyama mpaka zinayeyuka, na juu yake kipande cha keki ndani ya jani la mgomba, krimu yote imebaki kwenye jani. Nililamba jani. Nikaimba wimbo wa wajukuu katikati ya ua, watoto wa jirani wakiitikia wasichokijua, na bibi akacheza akiwa amekaa kwenye ndoo. Ila dawa nilikunywa. Ilikuwa chungu sana, lakini alisema ameibeba kutoka Uru na hawezi kuirudisha. Iliyobaki alimkanda nayo baba.

Goti lilipona, baba akarudi mlimani, na hatukukosa tena sherehe ya Uru, tuwe na kitu au tusiwe nacho. Bibi sasa amelala chini ya migomba yake. Vile vyumba viwili vimekuwa duka la vipuri.

Siku hizi ukisema mtoto anaumwa, watu wanakuandikia pole kwenye simu, wengine wanatuma na hela ya dawa. Ni wema, silalamiki. Lakini hakuna tena anayefunga safari na sufuria ya moto mkononi, akaja kukuumbua mlangoni kwako.