Ukurasa wa Pili wa Jibu la Kaisa

Lempi Harju hakumwamini mwanasiasa yeyote aliyewahi kukanyaga Haapala, mji wa migodi ya chuma kaskazini mwa Marekani, na hakuona haya kulisema. Hakuchagua chama. Wote aliwaweka kapu moja, kisha akalisukuma kapu mbali na miguu yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpeleka barua wa vijiji vya nje ya mji, kuwe na theluji kusiwe na theluji, na kazi hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Mtu anayebeba vipeperushi vya pande zote mbili huona mengi. Alimwona mgombea aliyepiga picha na shati la mwindaji ambalo mikunjo ya dukani haijatoka. Alimwona mwingine ameshika samaki mkubwa, na wiki iliyofuata akamwona samaki yule yule, na mkono ule ule, kwenye kipeperushi cha mgombea wa jimbo jirani. Kilichobadilishwa ni kichwa tu.

Alipostaafu akajiunga na kamati ya kijitabu cha wapiga kura. Ilikuwa kamati ya wanawake watatu, iliyokutana katika chumba cha chini ya kanisa la Kilutheri kwa sababu kule kahawa haikuwa na bei. Kila mwaka wa uchaguzi waliwatumia wanaotaka kwenda Bungeni Washington maswali matano: pensheni ya wazee, matibabu, ushuru wa chuma kinachotoka nje, wahamiaji, bunduki. Majibu yalichapwa kama yalivyokuja, makosa na yote, ila kila jibu lisizidi maneno sabini na tano. Kijitabu kilifika kila nyumba katika kaunti tatu. Kwenye kinyozi, kwenye geti la mgodi, kwenye foleni ya mkate, watu hawakuulizana fulani amesema nini kwenye televisheni. Waliulizana kijitabu kinasemaje.

Na aliyejua kukisoma kijitabu alikuwa Lempi. Mgombea akiandika kwamba suala fulani "atalichunguza kwa makini", Lempi alikwambia huyo ameshaamua zamani, anaogopa kulitamka. Akiandika "nawathamini wachimbaji wetu", ujue hana sera yoyote juu ya chuma. Akianza na babu yake aliyekuja kutoka Finland na sanduku moja, basi ruka mistari mitatu, hakuna kitu humo. Watu walicheka, lakini waliruka mistari mitatu.

Ndipo mwaka huo Kaisa Rautio akaamua kugombea.

Kaisa alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Lempi ndiye aliyemshika kanisani akiwa na wiki tano, na mama mtu alipofariki Kaisa akiwa na miaka tisa, ndiye aliyemlisha chakula cha jioni mpaka akamaliza shule. Akawa muuguzi, akaingia baraza la kaunti, na sasa alikuwa anapambana na Brent Dalquist, mwenye maduka ya boti, kwa kiti cha Bunge. Siku aliyotangaza, macho ya Haapala yote yalimgeukia Lempi. Huyu anayewashuku watu wote, wa kwake je?

Doreen Zupancich, mwenzake wa kamati na mtani wake tangu shule ya msingi, alimshauri ajiweke pembeni mwaka huo mmoja tu.

"Nikijitoa watasema nimekwenda kumfanyia kampeni," Lempi akamjibu. "Nikibaki watasema nampendelea. Bora nibaki, wanione."

"Hata usipofanya kitu wewe utajishuku mwenyewe," Doreen akasema, akammiminia kahawa.

Lempi akampigia Kaisa simu siku hiyo hiyo. Alimwambia asikanyage kwake mpaka Novemba. Asije kahawa, asije chakula, wala asije sauna, bafu la mvuke la kila Jumamosi, kama ilivyokuwa ada yao.

"Hata kuoga, Shangazi?"

"Hata kuoga."

Kaisa alicheka, akakubali. Alimjua.

Majibu yalianza kuingia Septemba. La Dalquist kuhusu pensheni lilikuwa na maneno tisini na tatu. Kwa jambo hilo kamati ilikuwa na desturi yake, ya tangu kabla ya Lempi: anayezidisha hupigiwa simu, akapewa siku moja apunguze mwenyewe. Akigoma, hukatwa kwenye neno la sabini na tano, hata kama sentensi imebaki inaning'inia. Lempi akapiga simu ofisini kwa Dalquist, Doreen akimsikia, na kabla ya saa kwisha jibu fupi lilikuwa limefika. Ndani yake mlikuwa na babu na sanduku.

La Kaisa lilifika siku ya mwisho. Doreen alikuwa mjini Duluth kwa binti yake, na mwanamama wa tatu alikuwa hospitali akibadilishwa goti, kwa hiyo Lempi alikuwa peke yake pale chini ya kanisa. Kompyuta ilimwambia maneno mia na mbili. Akachapa kwa herufi kubwa za macho yake ya uzeeni, karatasi mbili zikatoka, ya pili ikiwa na vimistari vichache tu juu. Akanyanyua simu.

Akairudisha. Alijiona akimpigia Kaisa, wao wawili tu, wakizungumza ni maneno gani juu ya pensheni yabaki na yapi yatoke. Nani Haapala angeamini kwamba hawakupangana? Yeye mwenyewe, angesikia habari hiyo kwa mtu mwingine, asingeamini hata kidogo. Saa ilikuwa inakwenda na mchapaji anasubiri. Akachukua penseli, akahesabu kutoka neno la kwanza. La sabini na tano liliangukia mwisho kabisa wa ukurasa wa kwanza, na sentensi yake ilikuwa hii: "Sitawadanganya, fedha za mfuko hazitoshi, na umri wa kustaafu itabidi upande".

Aliisoma mara mbili. Mumewe, Eino, alichimba chuma miaka thelathini na nane, akafa akiwa amebakiza miezi minane kufikia pensheni kamili. Kaisa alikuwepo kwenye mazishi yale. Alibeba maua.

Lempi aliumia, tena sana, na maumivu yake yalikuwa na sauti aliyoizoea: nilijua. Wote ni wale wale, hata niliyemlea. Ukurasa wa pili akaulaza kifudifudi mezani bila kuusoma, haukuwa na kazi tena kwa mujibu wa desturi. Wa kwanza ukaenda kwa mchapaji.

Kijitabu kilipotoka, ilichukua siku kumi tu. Kipeperushi cha Dalquist kilimkuta Lempi kwenye sanduku lake la barua kama kilivyowakuta wengine. Uso wa Kaisa ulikuwa umetiwa rangi ya kijivu ya mgonjwa, na chini yake, kwa maandishi mekundu, umri wa kustaafu itabidi upande. Na chanzo kikatajwa kwa heshima zote: kijitabu cha wapiga kura, ukurasa wa tatu.

Watu wakaja. Walimsimamisha kwenye maegesho ya duka, wakamfuata mpaka mlangoni. Lempi, ni kweli kaandika hivi? Na Lempi akawajibu bila kupepesa macho kwamba ndiyo, kaandika. Aliwajibu watu ishirini, labda zaidi. Wachimbaji walitikisa vichwa, wakamsifu kwa kutompendelea wa kwake. Mabango ya Kaisa yakaanza kung'olewa nyuani, moja leo, mawili kesho. Kaisa alimpigia simu mara mbili wiki hiyo na Lempi hakupokea, kwa sababu Novemba ilikuwa haijafika.

Doreen ndiye aliyeikuta ile karatasi. Ilikuwa siku ya mdahalo, Jumapili, asubuhi baada ya ibada. Alikuwa anaondoa makopo ya kahawa mezani, moja likainuka na karatasi imeganda chini yake, ina duara la kahawia. Akaigeuza, akasoma kwa sauti:

"kwa sisi tunaokaa ofisini. Kwa aliyechimba chuma au kuinua wagonjwa, nitapigania ushuke hadi sitini, na hilo nitalipigia kura hata chama changu kikikataa. Najua nyumba iliyomzika mtu akisubiri."

Lempi akamnyang'anya. Na mtajua ni mtu wa namna gani nikiwaambia kwamba kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa maneno. Alitazama tarehe na saa iliyochapwa pembeni, kwa kuwa alidhani huenda watu wa kampeni wameingia wakaipachika. Tarehe ilikuwa ile ile. Saa ilikuwa ile ile. Ndipo akasoma, akakaa chini.

"Ulimpigia?" Doreen akauliza.

"Nani?"

"Kaisa. Kumwambia amezidisha. Dalquist ulimpigia, mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa."

Lempi alianza kueleza kwamba desturi hairuhusu kumwongezea mtu neno hata moja.

"Desturi sijakuuliza," Doreen akasema. Hakuwa na utani siku hiyo.

Mdahalo ulikuwa saa nane mchana katika ukumbi wa michezo wa shule, na msoma maswali alikuwa Lempi. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za mbao. Wagombea walikaa chini ya kikapu cha mpira, Dalquist mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na Kaisa aliyekonda kidogo. Lempi alisimama kwenye kipaza sauti na kadi zake, akaziweka chini.

Akawaambia. Kwamba jibu la Kaisa Rautio juu ya pensheni lilikuwa refu. Kwamba la Bwana Dalquist nalo lilikuwa refu. Kwamba Bwana Dalquist alipigiwa simu akapunguza, na Kaisa hakupigiwa.

"Si kwamba alisahauliwa," akasema. "Nilinyanyua simu nikairudisha, mimi mwenyewe. Niliogopa mtaniona nampendelea. Kwa hiyo nilimnyima haki ambayo nilimpa mwenzake."

Akausoma ukurasa wa pili, neno kwa neno, na duara lake la kahawa. Kisha mwanamume mmoja wa nyuma, mchimbaji mstaafu ambaye Lempi alimpelekea barua miaka yote ile, akanyoosha mkono. Aliuliza, kwa adabu kabisa, watajuaje kwamba karatasi hiyo haikuandikwa jana. Mama wa ubatizo, uchaguzi umebaki siku tisa, karatasi inaonekana. Alikuwa anauliza tu.

Wapo waliocheka, na wapo walioguna wakikubaliana naye. Lempi alilitambua swali hilo, maana ni yeye aliyewafundisha kuliuliza. Tangu lini mtu Haapala akapokea karatasi ya kampeni bila kutazama mikunjo? Alinyanyua ukurasa ili waone tarehe, lakini kutoka ngazi za nyuma hakuna aliyeweza kusoma tarehe. Dalquist alitabasamu kwa upole, na ilimtosha. Lempi akamwachia Doreen kadi za maswali, akatangaza kwamba ametoka kwenye kamati, akaenda kukaa.

Mdahalo ulipokwisha alimsubiri Kaisa nje, kwenye maegesho. Upepo wa ziwani ulikuwa umeshaanza kuuma. Kaisa alitoka akipeana mikono na watu mlangoni, wengine wakimpa, wengine wakijifanya wanatafuta funguo. Alipomfikia Lempi alisimama. Macho yake yalikuwa makavu.

Lempi alisema samahani. Alisema atakwenda nyumba kwa nyumba na ile karatasi, barabara zote za zamani, hata kama watamfungia milango. Kaisa akasema hapana haja, lakini akipenda aende.

"Simu nimeelewa," Kaisa akasema. "Uliogopa watu. Ningekuwa wewe labda na mimi ningeogopa."

"Niliogopa."

"Ila ile sentensi uliisoma."

"Niliisoma."

"Ukaamini ni mimi? Kwamba mimi ningewaambia hivyo watu wa mgodini, halafu ninyamaze?"

Palikuwa na majibu. Lempi aliyajua yote, alikuwa ameyachambua kwa miaka. Angeweza kusema alikuwa amechoka siku ile, kwamba alilichukulia jambo hilo kwa uzito, kwamba alimthamini sana. Kila moja lingeingia ndani ya maneno sabini na tano na nafasi ikabaki.

"Niliamini," akasema. "Hapo hapo."

Kaisa alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa matokeo ya kipimo ambayo ameshayakisia. Akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

"Ahsante kwa kunijibu waziwazi, Bi Harju," akasema.

Akampa mkono, kama alivyowapa wale wa mlangoni. Aliubana vizuri, akamtazama machoni kwa muda unaotakiwa, akauachia, kisha akageuka kwa mzee aliyekuwa amesimama nyuma yake na kumuuliza jina.